Vitafunio vya Maboga kwa Sikukuu: Bila Oveni, Bila Deni



Ukitoka katikati ya Bujumbura ukashika njia ya kusini iendayo Rumonge, utapita Kinindo kisha utafika Kibenga, mtaa unaoteremka mpaka ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Kibenga inajulikana kwa majumba yenye kuta ndefu na mageti ya chuma. Lakini Kibenga ina watu wengine pia, nao ndio wanaoyafungua mageti hayo asubuhi: walinzi, wapishi, mayaya, watunza bustani, na wale wanaotoka alfajiri kutafuta basi la kwenda kiwandani. Hao hukaa katika vyumba vya uani na katika nyumba ndogo za kupanga, huko huko Kibenga na upande wa Kanyosha.

Mimi ni mmoja wao. Napika katika nyumba ya watu, na mume wangu ni mfanyakazi wa kiwandani. Kila mwezi wa Desemba naoka keki nyingi: za tajiri wangu, za wageni wake, na za watoto wanaokuja kucheza na watoto wake. Oveni huwashwa asubuhi na kuzimwa jioni. Nikirudi nyumbani, chombo changu cha moto ni jiko moja la makaa, lile tunaloliita imbabura. Halina mlango wala mahali pa kuweka sinia. Mwaka mmoja mtoto wangu wa tatu alinusa nguo zangu nilipoingia ndani, akaniuliza kwa nini harufu ya keki inafika nyumbani lakini keki yenyewe haifiki.

Sikuwa na jibu. Kwa hiyo mwaka ule tulikwenda dukani tukakopa.

Kukopa arusi, kulipa matanga

Tulichukua keki moja kubwa yenye maua ya sukari, chupa za fanta, paketi za biskuti na peremende. Mwenye duka aliandika yote katika daftari lake. Noeli ilipita, Bonane ikapita. Ndugu zangu, nyote mnajua jinsi mshahara wa Desemba unavyokuja mapema kidogo, na jinsi Januari inavyokuwa ndefu kuliko miezi mingine yote. Shule zilipofunguliwa kwa muhula wa pili hatukuwa na fedha ya madaftari. Maharage tulikula mara moja kwa siku. Deni la keki tulilimaliza mwezi wa Machi, wakati watoto walikuwa wamekwisha kuisahau ladha yake.

Simlaumu mwenye duka. Alitupa tulichoomba, na dawa ya deni ni kulipa. Lakini nataka tujiulize sisi wenyewe. Kwa nini mfanyakazi aone kwamba furaha ya watoto wake lazima inunuliwe dukani, ikiwa imefungwa katika karatasi inayong'aa?

Kuna anayesema kwamba mfanyakazi wa Burundi hukopa kwa sababu hajui kupanga matumizi. Maneno hayo si ya haki. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1988 kilikuwa faranga 160 kwa siku Bujumbura na Gitega, na faranga 105 kwa siku mahali pengine nchini. Miaka 30 baadaye, mwaka 2018, tarakimu hizo zilikuwa bado ni zile zile katika sheria, ingawa faranga 160 zilikuwa hazinunui tena hata kilo moja ya maharage. Chama hakikuacha kulisema jambo hilo, wala hakipaswi kuliacha. Makala hii haisemi kwamba boga litachukua mahali pa mshahara wa haki. Inasema tu kwamba wakati tunapodai kilicho chetu, tusimpe mwenye duka Januari yetu, Februari yetu na Machi yetu kwa ajili ya keki ya siku moja.

Boga, mgeni aliyekuwa mwenyeji

Siku moja sokoni niliona mama mmoja ameketi nyuma ya lundo la maboga, yale tunayoyaita imyungu kwa Kirundi. Watu walikuwa wanapita wakienda kwenye meza za biskuti. Nikakumbuka kwamba nyumbani kwa tajiri wangu nimewahi kusoma katika kitabu cha upishi jinsi watu wa mbali wanavyolithamini boga wakati wa sikukuu zao.

Huko Marekani boga lina msimu wake. Mwezi wa Novemba, kwenye Sikukuu ya Shukrani, familia nyingi hula pai ya boga iliyotiwa mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Tangu mwaka 1934 kampuni ya McCormick imekuwa ikiuza viungo vya pai hiyo vikiwa vimechanganywa tayari. Mwaka 2003 kampuni ya Starbucks nayo ikaanza kuuza kahawa yenye ladha hiyo hiyo. Kahawa, ndugu zangu! Na sisi tunaoijua kahawa tangu mche wake tunalipita boga sokoni kama kitu cha maskini.

Boga asili yake ni bara la Amerika, lakini limekaa kwetu muda mrefu hata limekuwa mwenyeji. Wakulima wetu hulipanda katikati ya mahindi na maharage. Majani yake ni mboga, nyama yake ni chakula, mbegu zake hukaangwa. Pwani ya Uswahilini boga hupikwa kwa tui la nazi, sukari na iliki, likawa futari ya mwezi wa Ramadhani. Kwa hiyo tunayoyaeleza hapa yanawafaa wote, wa Noeli na wa Iddi.

Tena boga lina faida mwilini. Nyama yake ya rangi ya machungwa huupa mwili vitamini A, inayolinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na maradhi. Mbegu zake zina protini, mafuta na madini ya zinki. Hayo si madogo katika nchi ambayo uchunguzi wa afya wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Sisemi kitafunio cha sikukuu kitaondoa udumavu. Nasema kwamba fedha ikitumika kwa boga na karanga, mtoto hupata kitu. Ikitumika kwa peremende, hupata sukari peke yake.

Kuchagua boga

Chagua boga zito, lenye ganda gumu ambalo ukucha hauingii kwa urahisi, na lenye kikonyo chake. Ganda likiwa na mahali palipolainika au palipotoboka, liache. Boga zima lililokomaa, likiwekwa mahali pakavu penye hewa, hukaa miezi miwili au zaidi. Kwa hiyo huna haja ya kungoja wiki ya Noeli, bei zinapopanda. Nunua mapema, liweke juu ya ubao, lisiguse sakafu yenye unyevu.

Ukilikata, onja kipande kidogo kibichi. Kama ni chungu, tema na ulitupe boga lote. Uchungu huo ni sumu ya asili na hauondoki kwa kupikwa.

Viungo

Chukua mdalasini wa unga vijiko 4 vya chai, tangawizi ya unga vijiko 3, kungumanga iliyosagwa kijiko 1, na karafuu iliyotwangwa nusu kijiko. Changanya, tia katika kichupa kikavu, funga vizuri. Vinatosha kwa kupika mara nne. Anayekosa kungumanga aiache. Anayekosa mdalasini atumie tangawizi na iliki. Lakini kungumanga isizidishwe, maana ikiwa nyingi huumiza mwili. Karafuu nayo ikizidi, kila kitu kitakuwa na ladha ya dawa ya meno.

Mahali pasipo na oveni, mikono ndiyo ya kuangaliwa

Kabla ya kuwasha jiko, hapana budi tuseme jambo moja la maana kuliko yote. Keki ikiingia katika oveni, moto huua vijidudu vilivyoachwa na mikono ya mpishi. Vitafunio vyetu haviingii katika oveni. Boga litapikwa, ndiyo, lakini baada ya hapo tutalifinyanga kwa mikono na kulila bila kulirudisha motoni. Kwa hiyo uchafu wowote wa mkononi utafika moja kwa moja mdomoni mwa mtoto.

Sisi wa Kibenga tuna sababu ya kulikumbuka hilo. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika makazi ya upande wa ziwani. Maji yakiingia uani huingia pia katika vyoo, na yanayotoka huko mnayajua. Mwezi wa Januari 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa kipindupindu mjini Bujumbura. Basi oga, kata kucha, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, na usitumie ndoo moja kwa watu wote. Maji ya kupikia na ya kusuuzia vyombo yawe yamechemshwa. Mwenye kuharisha au mwenye kidonda mkononi akae pembeni apige hadithi, asifinyange.

Kitafunio cha kwanza: Vidonge vya boga na karanga

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kwa vidonge 40 hivi vinahitajika:

Boga lililomenywa na kutolewa mbegu, kilo 1.
Karanga, gramu 250.
Biskuti za kawaida zisizo na krimu, gramu 200.
Sukari, gramu 150, yaani kama robo tatu ya glasi.
Mchanganyiko wa viungo, vijiko 2 vya chai.
Chumvi, ncha ya kijiko.

Kwanza shughulikia karanga. Zichambue moja moja. Yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi itupwe, maana ukungu wa karanga una sumu isiyokufa kwa kukaangwa. Kaanga zilizobaki kwa moto mdogo mpaka maganda yake yaanze kutoka, zipoe, zipepete. Kisha zitwange katika kinu. Nusu ziwe laini kama unga, nusu zibaki chenga chenga.

Pili, kata boga vipande vidogo, tia katika sufuria pamoja na maji nusu glasi tu, funika kwa kifuniko kizito. Boga lina maji yake lenyewe. Ukizidisha maji utatumia makaa mengi kuyakausha. Baada ya dakika 20 au 25 litakuwa limelainika. Liponde kwa mwiko.

Tatu, tia sukari na chumvi, uache sufuria wazi na ukoroge bila kuondoka. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Boga lisipokauka, vidonge havitashikana. Koroga dakika 15 au 20 mpaka ukipitisha mwiko uone chini ya sufuria, na boga lisirudi haraka kuufunika mstari ule. Litakuwa limepungua hata kufikia nusu ya lilivyokuwa. Ondoa jikoni, tia viungo, acha lipoe kabisa.

Nne, ponda biskuti ziwe unga, uchanganye na boga pamoja na karanga zile laini. Ukiona mchanganyiko bado unanata sana mikononi, ongeza karanga kidogo. Ukiona umekauka mno, ongeza kijiko kimoja cha maziwa yaliyochemshwa. Nawa mikono tena, finyanga vidonge vyenye ukubwa wa limau dogo, kisha vizungushe katika chenga za karanga. Vipange katika sinia na uvifunike kwa kitambaa safi. Baada ya saa moja au mbili vitakuwa vimeshikana vizuri.

Anayeona biskuti ni ghali anaweza kutumia mkate uliokauka, uliopashwa motoni na kutwangwa, au unga wa mahindi uliokaangwa katika kikaango kikavu mpaka ubadilike rangi na utoe harufu nzuri. Unga mbichi usitumike, kwa sababu hautapita motoni tena na tumbo halitaupenda.

Kitafunio cha pili: Kashata ya mbegu za boga

Wakati wa kukata boga usitupe mbegu. Zioshe, zianike juani siku mbili, uzihifadhi. Ukila boga mara kwa mara kuanzia Oktoba, kufika Noeli utakuwa na mbegu za kutosha bila kulipa hata faranga moja.

Zikaange katika kikaango kikavu mpaka zianze kuruka, kisha zimenye. Kazi ya kumenya ni ya watoto na ya mazungumzo. Pima glasi 2 za mbegu zilizomenywa. Zikipungua jaza kwa karanga zilizokaangwa. Tia glasi 1 ya sukari na robo glasi ya maji katika sufuria nzito. Sukari ikishayeyuka acha kukoroga, iache ichemke mpaka iwe na rangi ya asali. Hapo tia mbegu, kijiko kimoja cha viungo na chumvi kidogo, koroga upesi, umimine katika sinia iliyopakwa mafuta ya mawese au mafuta mengine ya kupikia. Sawazisha kwa mgongo wa kijiko, na ukate kwa kisu kabla haijagumu.

Tahadhari: sukari inayochemka ina moto kuliko maji yanayochemka, tena hunata katika ngozi. Watoto wakae mbali na jiko wakati huo. Tena kashata na karanga nzima wasipewe watoto wadogo ambao hawajui kutafuna vizuri, wasije wakapaliwa. Hao wapewe kitafunio cha tatu.

Kitafunio cha tatu: Boga la bilauri

Pika boga na uliponde kama tulivyoeleza, lakini usilikaushe mno. Kwa kila glasi 2 za boga tia vijiko 3 vikubwa vya sukari, nusu glasi ya tui la nazi au maziwa, na nusu kijiko cha chai cha viungo. Rudisha motoni lichemke dakika tano huku ukikoroga, kisha liache lipoe. Katika bilauri au kikombe panga tabaka la biskuti zilizopondwa, tabaka la boga, tena biskuti, tena boga. Juu nyunyiza karanga zilizosagwa laini. Linaliwa kwa kijiko siku ile ile. Wazee wasio na meno hulifurahia kama watoto.

Kufunga na kuhifadhi

Joto la Bujumbura tunalijua. Pasipo na friji, boga la bilauri lenye maziwa au tui lisilale. Vidonge vilivyokaushwa vizuri viliwe siku ile au kesho yake. Kashata ikiwa katika kopo kavu hukaa wiki moja na zaidi.

Kuhusu kufunga, tangu mwaka 2018 kuna amri inayopiga marufuku mifuko ya plastiki nchini Burundi. Wala hatuihitaji. Chukua jani la mgomba, lioshe, lipitishe juu ya moto mpaka lilainike na kung'aa, lifute, ulikate vipande. Funga vidonge vitano vitano kwa uzi wa mgomba. Nimewahi kuona zawadi nyingi katika majumba ya Kibenga, lakini sijaona iliyopendeza kuliko fungu la jani la mgomba mikononi mwa mtoto asiyejua kilichomo.

Familia kumi, jiko moja

Haba na haba hujaza kibaba. Tulipoanza, kila mama alipika kwake, na kila mmoja alilalamika kuhusu makaa. Mwaka uliofuata tuliungana familia kumi. Hesabu ilikuwa hivi: kupika mara nne ya vidonge hutoa vidonge 160, yaani 16 kwa kila familia. Kazi hiyo ilihitaji boga lililomenywa kilo 4, yaani maboga mazima ya kilo 6 hivi kabla ya kumenywa, karanga kilo 1, biskuti gramu 800 na sukari gramu 600. Gawanya sukari hiyo kwa kumi: kila familia imechangia gramu 60, yaani vijiko vichache tu.

Nasema hivyo kwa sababu sukari katika nchi yetu huadimika mara kwa mara, na ikiadimika bei ya dukani huwa haifanani na bei iliyotangazwa. Familia moja ikitafuta kilo nzima wiki ya Noeli itahangaika. Familia kumi zikitoa kila moja kidogo kutoka kopo lake la nyumbani, hakuna anayepiga foleni.

Makaa nayo tuliyapunguza. Sufuria mbili kubwa zilipika boga lote kwa zamu mbili, na makaa yaliyobaki yakachemsha maharage ya jioni. Wanaume hawakukaa bure. Mmoja alitwanga karanga, mwingine alikata majani ya mgomba, na mume wangu, ambaye kiwandani ni mtu wa mizani, alipima kila kitu hata tukamwambia apunguze ukali.

Kanuni zetu zilikuwa tatu, nazo nawapendekezea wenzetu wa viwandani na wa mashambani, iwe Bujumbura, Rumonge kwenye michikichi, au kwenye chai ya Teza na Rwegura. Kwanza, kila familia ianze kuweka akiba kidogo kila wiki kuanzia Oktoba, na mweka hazina asome hesabu mbele ya wote. Pili, hakuna kununua chochote kwa mkopo. Kisichopatikana kwa fedha iliyopo kinaachwa. Tatu, familia iliyofiwa, iliyopoteza kazi au yenye mgonjwa inapata fungu lake sawa na wengine hata kama haikuchanga.

Jasho lililo ndani ya kidonge

Tulipokuwa tunafinyanga, mazungumzo yalifika mahali ambapo sikuyatazamia. Tulianza kuhesabu mikono iliyokwisha kufanya kazi kabla ya yetu. Sukari ile ilitoka katika miwa ya Moso, inakofanya kazi SOSUMO, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1982, na kabla ya kuwa sukari kuna aliyeikata miwa juani. Karanga na boga vina mkulima aliyeinama na jembe. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia. Unguja na Pemba ilienea katika karne ya 19, katika mashamba yaliyolimwa kwa kazi ya watumwa, na hata leo huchumwa kwa mkono, mchumaji akiwa amepanda mtini. Hakuna hata kiungo kimoja katika sinia yetu kilichojileta chenyewe.

Ndiyo maana nasema kidonge cha boga si kitu cha aibu. Ni kazi ya wafanyakazi tangu mwanzo mpaka mwisho, nasi tumekuwa wa mwisho kukigusa na wa kwanza kukila. Ni mara ngapi katika maisha yetu mambo huwa hivyo?

Mwaka ule jioni ya Noeli nilirudi kutoka kazini nikiwa na harufu ya keki za watu kwenye nguo, kama kawaida. Mtoto wangu wa tatu hakuninusa. Alikuwa ameketi mlangoni na watoto wa jirani, jani la mgomba limefunguliwa magotini, anawagawia vidonge na kuwaeleza kwa sauti kubwa kwamba yeye ndiye aliyemenya mbegu. Akanibakishia kimoja. Januari ilipofika ilikuwa ndefu kama zote, lakini madaftari ya shule yalinunuliwa siku ya kwanza, na katika daftari la mwenye duka jina letu halikuwamo.

Ndugu wafanyakazi, jaribuni. Mkifanikiwa, waelezeni wenzenu kazini. Mkishindwa mara ya kwanza, basi hamkulikausha boga vya kutosha, rudieni.

Heri ya Noeli na Bonane njema kwenu nyote. Umoja ni nguvu.